Mbao za bei nafuu za kuzungushia matuta: zitafute kwanza, tuta upime baadaye

Wapenda bustani wengi huanza na karatasi. Huchora tuta, huandika urefu na upana, kisha hubeba vipimo hivyo hadi kwa muuza mbao na kulipa bei watakayotajiwa. Gharama huanzia hapo. Mboga hazijali kama tuta lina mita 2 au mita 2 na robo, lakini mbao za bei nafuu zina masharti yake: hupatikana kwa urefu uliobaki, unene uliobaki na idadi iliyobaki. Kwa hiyo hapa mpangilio umegeuzwa. Tafuta mbao, zifikishe nyumbani, zipange chini, ndipo upime tuta.

Hatua ya 1: Amua ukingo ufanye kazi gani

Ukingo wa sentimita 10 hadi 15 unatosha kuzuia udongo usiporomokee njiani, kuzuia nyasi zisivamie na kuonyesha pa kukanyaga. Kazi hiyo huiweza ubao wowote mzima. Ukipandisha hadi sentimita 30 na zaidi, huo si ukingo tena, ni ukuta mdogo. Udongo uliolowa ni mzito, husukuma nje usiku na mchana, na ubao mwembamba utatoa tumbo kabla hata haujaanza kuoza.

Kuna gharama nyingine inayosahaulika, nayo ni udongo wenyewe. Tuta la mita 1.2 kwa 2.4 lenye kina cha sentimita 15 humeza karibu mita za ujazo 0.43. Ongeza kimo mara mbili, utahitaji karibu 0.86. Kama udongo unaununua, sentimita hizo 15 za ziada zinaweza kukutoa fedha nyingi kuliko mbao zote. Ardhi yako ikiwa inapitisha maji vizuri, na kuinama hakukuumizi mgongo, baki na ukingo mfupi.

Upana usizidi mita 1.2, ili mkono ufike katikati ukiwa umesimama upande wowote. Hicho ndicho kipimo pekee cha kuamua mapema. Urefu uache kwanza.

Hatua ya 2: Jua mbao huozaje

Kuvu wanaoozesha mbao huhitaji chakula, ambacho ni mbao yenyewe, pamoja na joto la wastani, hewa na unyevu. Mbao ambayo unyevu wake hauzidi asilimia 20 hivi haiozi, ndiyo maana boriti za paa lisilovuja hudumu vizazi. Mbao iliyozama kabisa nayo hudumu kwa kukosa hewa: nguzo zilizobeba majumba ya Venice zimekaa matopeni kwa karne nyingi. Ubao wa bustani umewekwa mahali pabaya kuliko yote hayo, nusu udongoni na nusu hewani, na hunyweshewa maji kila mara. Mstari ule ambapo udongo unakutana na hewa ndipo utakapoanza kulika.

Ukijua hivyo, mambo mawili yatakuongoza sokoni. La kwanza ni sehemu ya mti ubao ulikotoka. Ukitazama kichwa cha gogo la miti mingi, utaona duara la kati lenye rangi iliyokolea na mkanda wa nje uliopauka. Sehemu ya kati ndiyo kiini, na mti umeijaza kemikali zake wenyewe za kujilinda. Mkanda wa nje ulikuwa ukipitisha maji na chakula, hivyo wadudu na kuvu huupenda. Hata mti unaosifika kwa ugumu, mkanda wake wa nje huoza upesi. Kiini cha msaji, mvule, mwaloni, robinia, na aina nyingi za mierezi na mikaratusi huvumilia udongo vizuri. Msonobari wa kawaida usiotiwa dawa hauvumilii, hasa palipo na joto na mvua nyingi.

La pili ni unene. Ubao wa milimita 50 na ule wa milimita 25 wa mti uleule, katika udongo uleule, haulingani kabisa: ule mnene hudumu takriban mara mbili. Kwa hiyo usilinganishe bei ya ubao kwa ubao. Kadiria miaka utakayokaa ardhini, gawanya bei kwa miaka hiyo, kisha linganisha. Mbao nene zilizotumika mara nyingi hushinda mbao nyembamba mpya katika hesabu hiyo. Mbao za bure zinazooza baada ya misimu miwili nazo zina gharama yake, kwa kuwa ni wewe utakayezing'oa na kufunga nyingine.

Hatua ya 3: Zunguka kwenye vyanzo

Anza na viwanda vya kupasulia mbao. Gogo linapofanywa mraba, vipande vya kwanza kukatwa ni mabanzi: upande mmoja bapa, wa pili una mviringo na mara nyingi gome bado limeshika. Kwa kiwanda hayo ni mabaki. Huuzwa kama kuni au hutolewa tu ili yasizibe njia. Kasoro yake ni kwamba banzi karibu lote ni mkanda wa nje wa mti, kwa hiyo usitarajie miaka mingi. Lakini ni mapana, mengi yana unene wa kutosha, na kwa ukingo mfupi yanafaa sana. Chambua gome lote kabla ya kutumia, kwa sababu chini yake maji hukaa na wadudu hujificha.

Hapo hapo kiwandani, au kwa muuza mbao yeyote, angalia namna unavyouliza. Swali la kama wana mbao za bei rahisi litakuletea jibu la kibiashara. Taja kasoro unayoweza kuivumilia: mbao zilizopinda, zilizopasuka vichwani, zenye vifundo vingi, zilizobadilika rangi kwa kunyeshewa, au zilizokatwa kwa vipimo vya mteja ambaye hakurudi. Fundi wa kabati hawezi kuzitumia. Wewe unaweza, kwa kuwa ubao uliopinda ubapani hunyooka ukibanwa kwenye vigingi, na ufa wa kichwani unakatwa. Uliojisokota ndio wa kuacha. Huo hautulii hata ukiupigia misumari kumi.

Karakana za maseremala hutoa vipande vifupi vya miti bora. Urefu wa nusu mita hautoshi ubavu wa tuta, lakini unafaa vigingi, na vigingi ndivyo huoza kwanza kwa kuwa vimezama udongoni. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba watu hununua ubao mzuri kisha wakaushikiza kwa vijiti vya mti hafifu. Fanya kinyume: mti mgumu kuliko yote uliyoipata uwe wa vigingi.

Kwenye ujenzi unaokaribia kwisha kuna mbao za kufungia zege, mirunda, na mbao za jukwaa walizokuwa wakisimama mafundi. Hizi za jukwaa zitafute kwa bidii. Hutupwa zikipasuka vichwani kwa kuwa haziaminiki tena kubeba mtu, na kupasuka huko hakuna uzito wowote bustanini. Mara nyingi ni nene na pana. Mbao za kufungia zege ziulizie kwanza kama zilipakwa oili chafu au dizeli ili zege lisinate. Kama zilipakwa, ziache. Saruji iliyobaki juu yake haina tatizo kwa mimea, ila itakumalizia meno ya msumeno, kwa hiyo ikwangue kabla ya kukata. Zungumza na msimamizi, usichukue kutoka kwenye rundo kwa kudhani limetupwa.

Nyumba inayobomolewa huwa na kenchi na boriti za zamani, wakati mwingine za miti ambayo leo ni ghali mno. Hapo kinachohofiwa ni rangi na dawa, nitalifikia hilo baada ya muda mfupi.

Wakata miti pia ni chanzo, na wengi hawakifikirii. Mti ukiangushwa, vigogo vyenye kipenyo cha sentimita 10 hadi 15 hubaki bila mnunuzi. Vilaze kandokando ya tuta, vizamishe kidogo, vishikize kwa vigingi viwili, nawe una ukingo usiohitaji hata skrubu. Fito nyembamba zinaweza kusukwa kati ya vigingi kama ua. Angalia tu kwamba miti kama Willow na Poplar, ikichomekwa mibichi, huota, na ndani ya msimu mmoja utakuwa na miti mahali ulipotaka vigingi. Iache ikauke kabisa kwanza.

Paleti, yaani vichanja vya mbao vya kuwekea mizigo, nimeziweka mwisho makusudi. Watu huzikimbilia kwa kuwa ziko kila mahali, lakini mbao zake za juu mara nyingi hazifiki milimita 25, na za paleti zilizotengenezwa kwa safari moja ni nyembamba zaidi. Mimi huzitumia kwa matuta ya muda tu, au kwa kuchukua vitalu na boriti za katikati, ambazo ni nene. Paleti zilizopakwa rangi mwili mzima, kama buluu au nyekundu, kwa kawaida ni mali ya kampuni za kukodisha. Hata zikionekana zimetelekezwa, si za kuchukuliwa.

Hatua ya 4: Jua za kukataa

Mataruma ya reli ndiyo kishawishi kikubwa. Ni mazito, yanaonekana hayatakwisha, na mara nyingine hutolewa kwa bei ya kutupa. Mengi yalilowekwa kreosoti, mafuta yanayotokana na lami ya makaa ya mawe. Njia ya kuyasukumia ndani ya mbao kwa shinikizo ilipewa hataza ya John Bethell huko Uingereza mwaka 1838, na tangu hapo ndiyo iliyolinda reli na nguzo za simu. Ndani yake kuna kemikali zinazoweza kusababisha saratani. Siku ya jua kali utaona taruma linatoka jasho jeusi lenye harufu, na jasho hilo linaingia kwenye udongo wa mboga zako. Hata kwa maua nisingeyatumia pale ambapo watoto hukaa.

Kundi la pili ni mbao za zamani zilizotiwa dawa ya shaba, kromi na aseniki, ambayo kwa kifupi huitwa CCA. Dawa hiyo ilibuniwa na Sonti Kamesan wa India mwaka 1933 na ilisambaa duniani kote kwa sababu inafanya kazi vizuri mno. Tatizo ni aseniki, ambayo huvuja polepole kwenye udongo. Nchini Marekani watengenezaji waliacha kuiuza kwa matumizi ya nyumbani mwishoni mwa mwaka 2003, lakini nguzo, ua na majukwaa yaliyojengwa kabla ya hapo bado yanabomolewa na mbao zake kugawiwa bure. Zikiwa mpya huwa na rangi ya kijani. Baada ya miaka huwa za kijivu kama ubao mwingine wowote. Kwa hiyo mbao kuukuu za nje, nzima kupita kiasi kwa umri wake, zisizo na historia inayojulikana, zitilie shaka. Usizichome kamwe, kwa kuwa aseniki hubaki kwenye majivu na nyingine hupanda na moshi.

Dawa nyingi za siku hizi hutegemea shaba bila aseniki. Mbao hizo ni salama zaidi kwa mbali, ingawa shaba kidogo huvuja hasa mwanzoni. Zifunge kwa skrubu za mabati au za chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa shaba hula chuma cha kawaida. Ukikata, vichwa vilivyo wazi huwa havina dawa ya kutosha; vielekeze juu, mbali na udongo.

Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi. Usiikwangue wala kuipiga msasa ili uone kilicho chini, kwa sababu vumbi ndilo lenye madhara. Iache tu. Mbao za vumbi lililogandishwa kwa gundi, na plaiwudi ya ndani, hazina hatari kubwa hivyo, ila hunywa maji, huvimba na kuachana vipande mvua ya kwanza.

Kwenye paleti, tafuta muhuri wenye suke la ngano. Huo ni wa kanuni ya kimataifa ya ISPM 15, iliyopitishwa mwaka 2002 ili wadudu wasisafiri ndani ya mbao za mizigo. Herufi HT maana yake mbao ilipashwa joto hadi kiini chake kikakaa kwenye nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30. MB maana yake ilifukizwa kwa bromidi ya methili, hiyo iache. Kuna dhana kwamba HT inafanya ubao udumu. Sivyo. Joto liliua wadudu waliokuwemo siku ile na halikuacha kinga yoyote, kwa hiyo itaoza kama msonobari wowote. Tena muhuri hausemi paleti ilibeba nini baadaye. Doa la mafuta au harufu ya kemikali inatosha kuikataa.

Hatua ya 5: Kagua ubao mmoja mmoja

Beba bisibisi. Ichomeke kwa nguvu ya mkono karibu na vichwa, kwenye matundu ya misumari na mahali popote palipobadilika rangi. Ikizama kwa urahisi, sehemu hiyo imekwisha. Gonga ubao kwa nyundo: mzima hulia, ulioliwa ndani hutoa sauti iliyokufa. Vitundu vidogo vya wadudu si sababu ya kukataa moja kwa moja. Tazama kama kuna unga mpya chini yake. Ukiwapo, wadudu bado wanakula.

Ukiona mirija ya udongo ya mchwa, usiupeleke nyumbani hata bure.

Hatua ya 6: Pima tuta kwa mbao ulizopata

Panga mbao zote chini kwa urefu, kisha anza kuchezea vipimo. Mfano: una mbao mbili za mita 3.6. Kata kila moja kwenye mita 2.4, utapata vipande viwili vya mita 2.4 na viwili vya mita 1.2, yaani tuta zima bila kipande cha kutupa. Mtu aliyekuwa ameamua tuta la mita 2.5 kwa 1.2 angehitaji ubao wa tatu kwa ajili ya sentimita 10 tu kila upande.

Ukiwa na mbao fupi nyingi, unganisha mbili kwa kipande kilichopigiliwa nyuma ya kiungo na weka kigingi hapo hapo. Upana wa mbao ukitofautiana, zilinganishe kwa juu na uzamishe zaidi ile pana. Na mbao zikitosha pande tatu pekee, upande wa nne unaweza kuwa wa mawe au matofali mabovu. Hakuna atakayekuuliza.

Hatua ya 7: Funga

Chimba mfereji wa sentimita 3 hadi 5 ili ubao ukae, na mwaga changarawe chini yake maji yapate pa kwenda. Vigingi viwe nje ya tuta, si ndani. Vikiwa nje, udongo unausukuma ubao uviegemee. Vikiwa ndani, kazi yote ni ya skrubu, nazo hatimaye hung'oka. Kwa ukingo wa sentimita 15, kigingi kiingie ardhini sentimita 30 na vipishane kwa mita moja hivi. Kwa ubao mwembamba, au ukingo mrefu zaidi, visogeze hadi sentimita 60. Toboa kwa kekee kabla ya kufunga skrubu karibu na vichwa, hasa kwa mbao kavu za zamani, maana hupasuka upesi.

Paleti zinapasuliwa kwa msumeno wa chuma kupitishwa kati ya ubao na boriti na kukata misumari, si kwa kung'oa na mtaimbo. Ukitumia mtaimbo, nusu ya mbao zitavunjika mkononi.

Hatua ya 8: Ziongezee miaka

Vichwa vya ubao hunywa maji kuliko ubapa, kwa hiyo kama una mafuta ya kitani kidogo tu, yamalizie huko. Oili chafu ya magari usiipake, hata kama kila mtu anaisifia dhidi ya mchwa: ina metali na masalia ya mafuta ambayo hutayatoa tena kwenye udongo wa chakula. Kuunguza uso wa ubao hupendeza macho, lakini mkaa huwa na nyufa, na maji hupita humo kama kawaida. Plastiki nene iliyobanwa upande wa ndani husaidia kuutenga ubao na udongo uliolowa, mradi isizibe chini ya tuta. Ikiviringishwa ubao mzima, hufungia maji ndani na kuuozesha haraka zaidi.

Palipo na mchwa, kagua kingo kila unapopalilia, na usirundike majani makavu ubavuni mwa ubao. Mirija ya udongo ikitokea, ivunje na uangalie inakoelekea.

Ubao ukianza kulika upande wa chini tu, ung'oe na uugeuze juu chini kabla haujaisha. Ukiisha, badilisha huo mmoja pekee. Ndiyo faida ya kutumia skrubu badala ya misumari. Uliooza, kama haukuwa na dawa wala rangi, ufukie ndani ya tuta lilelile. Vipande vilivyobaki siku ya kwanza vihifadhi mahali pakavu vikiwa vimeinuliwa juu ya mawe, maana ndivyo vitakavyotoka kuziba pengo.